Kenya: Hati miliki pekee haitoshi, mnunuzi wa ardhi anahitaji wakili aliyehakikiwa

Mnamo Oktoba 2023, matingatinga yaliingia katika eneo la Mavoko, kaunti ya Machakos, kusini mashariki mwa Nairobi, na kuzibomoa nyumba za watu zilizojengwa kwa akiba ya miaka mingi. Ubomoaji huo ulifuatia uamuzi wa mahakama kwamba ardhi hiyo ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Wengi wa waliobomolewa walisema kuwa walivinunua viwanja vyao kutoka kwa kikundi kilichodai kuimiliki ardhi hiyo, na kwamba walikuwa na karatasi za kuthibitisha malipo yao. Karatasi hizo hazikuwasaidia.

Tukio hilo lilirudisha swali linaloulizwa kila mara nyumba inapobomolewa nchini Kenya: mnunuzi angewezaje kujua mapema kwamba anayemuuzia hana haki ya kuuza? Jibu la kisheria ni kwamba kazi hiyo ya uchunguzi humwangukia mnunuzi mwenyewe, na mtu aliyesomea kumfanyia ni wakili. Lakini jibu hilo huleta swali la pili, ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: je, huyo anayejiita wakili ni wakili kweli, na anamtumikia nani?

Hati yenye mzizi mbovu

Kwa muda mrefu wanunuzi wengi waliamini kwamba hati miliki yenye muhuri wa serikali inamaliza mjadala. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaitambua hati kama ushahidi wa umiliki, lakini inaruhusu hati hiyo kupingwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njia za rushwa. Katiba ya mwaka 2010 nayo inasema kuwa haki ya kumiliki mali hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Uzito wa maneno hayo ulidhihirika tarehe 21 Aprili 2023, pale Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa hukumu katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa. Mgogoro ulihusu kiwanja kilicho kando ya ufuo katika eneo la Nyali. Kiwanja hicho kiligawiwa mwaka 1989 kwa Daniel arap Moi, aliyekuwa rais wa nchi wakati huo, kikauzwa kwa kampuni ya Bawan, na kampuni hiyo ikakiuza kwa Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilivunja ukuta wa kiwanja hicho ili kufungua njia ya umma ya kwenda ufukweni.

Dina Management ilijitetea kuwa ni mnunuzi mwenye nia njema, aliyelipa na kusajiliwa. Mahakama ya Juu ilikataa utetezi huo. Ilisema kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata utaratibu, kwa kuwa ardhi hiyo ilikuwa eneo la wazi la umma, na kwa hivyo hapakuwa na hati halali ya kurithishana kutoka kwa mmiliki mmoja hadi mwingine. Mnunuzi, kwa mujibu wa hukumu hiyo, anapaswa kwenda hadi kwenye mzizi wa hati, wala asiishie kumwangalia mmiliki wa mwisho.

Miezi michache baadaye, Septemba 2023, mahakama hiyohiyo iliamua katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises kwamba barua ya ugawaji wa ardhi peke yake haimpi mtu umiliki. Hukumu hizo mbili zimeubadilisha wajibu wa wakili wa ununuzi. Upekuzi rasmi katika daftari la ardhi humwonyesha mnunuzi nani amesajiliwa leo na kama ardhi ina rehani au zuio. Haumwambii ardhi hiyo ilitoka wapi. Pengo lililopo kati ya majibu hayo mawili ndilo ambalo wakili hulipwa kuliziba.

Nani ni wakili?

Nchini Kenya, shahada ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili. Mhitimu hupitia mafunzo ya uwakili katika Chuo cha Sheria cha Kenya, hufanya kazi chini ya wakili mzoefu kama mwanagenzi, hufaulu mitihani ya uwakili, kisha huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa katika orodha ya mawakili. Hata baada ya hapo, ni lazima achukue cheti cha kufanyia kazi kila mwaka. Cheti hicho humalizika tarehe 31 Desemba, na mwaka mpya huhitaji cheti kipya.

Sheria ya Mawakili inamkataza mtu asiye na sifa hizo kuandaa kwa malipo nyaraka za kuhamisha ardhi. Inamtaka pia aliyeandaa waraka aandike jina na anwani yake juu ya waraka huo. Kwa hiyo mkataba wa mauziano usioonyesha umeandaliwa na nani ni mkataba wa kutiliwa shaka tangu ukurasa wa kwanza.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Dalali aliyemwonyesha mtu kiwanja, karani wa ofisi ya sheria aliyezoea kuzungumza na wateja, au jamaa aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya ardhi, kila mmoja anaweza kuijua mitaa ya usajili kuliko wakili kijana. Lakini hakuna hata mmoja kati yao mwenye ruhusa ya kuandaa waraka wa uhamisho, wala chombo cha nidhamu ya mawakili cha kumwajibisha fedha zikipotea.

Namna ya kumhakiki

Chama cha Mawakili cha Kenya, kinachojulikana kwa kifupi LSK, kina sehemu ya kutafutia mawakili katika tovuti yake. Mtu huandika jina, na mfumo humwonyesha kama wakili huyo ana cheti cha mwaka huo. Upekuzi huo huchukua dakika chache, na unapaswa kufanywa kabla ya kikao cha kwanza, si baada ya fedha kutumwa.

Hata hivyo, mfumo huo nao si kinga kamili. Oktoba 2023, tawi la chama hicho jijini Nairobi lilitangaza kuwa limembaini mtu aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili bila kuwa na sifa. Kwa maelezo ya tawi hilo, mtu huyo alijipenyeza katika mfumo wa chama, akabadilisha taarifa za wakili halisi mwenye jina linalokaribiana na lake, na kuweka picha yake mwenyewe. Habari hiyo ilizagaa ndani na nje ya Kenya, na iliwafunza wananchi kwamba jina kuonekana katika orodha ni hatua ya kwanza tu.

Mnunuzi makini huongeza hatua nyingine. Huenda ofisini kwa wakili badala ya kukutana naye mkahawani au ndani ya gari. Huulizia nambari ya kujiunga ya wakili huyo na kuilinganisha na kumbukumbu za chama. Hupiga simu ya ofisi kwa nambari aliyoipata mwenyewe, si ile aliyopewa na dalali. Huomba kuonyeshwa cheti cha mwaka. Na pale shaka inapobaki, huandikia chama au tawi lake la eneo hilo kuomba uthibitisho. Wakili wa kweli hachukizwi na maswali hayo, kwa kuwa yeye mwenyewe hufunzwa kumhoji kila anayeingia ofisini kwake.

Jambo lingine la kuangalia ni uzoefu. Wakili wa kesi za jinai anaweza kuwa hodari mahakamani na bado asijue kusoma ramani ya upimaji. Inafaa kumuuliza ameshughulikia mauziano ya aina gani, katika kaunti gani, na kama amewahi kushughulikia ardhi ya urithi, ardhi ya kilimo au nyumba za ghorofa, kwa sababu kila moja ina mitego yake.

Wakili wa nani?

Katika mauzo ya viwanja na nyumba mpya, ni kawaida kwa muuzaji kumwambia mnunuzi kwamba wakili yupo tayari na gharama zake zimo katika bei. Maneno hayo humpunguzia mnunuzi usumbufu, lakini humwacha bila mlinzi. Wakili aliyeajiriwa na muuzaji ana wajibu kwa muuzaji. Si kazi yake kumweleza mnunuzi kwamba kifungu fulani cha mkataba kinamnyima haki ya kurudishiwa fedha mradi ukichelewa.

Mnunuzi mwenye wakili wake hupata faida nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Mawakili wa pande mbili wanaposhughulikia mauziano, fedha zinaweza kupita mikononi mwao kwa kile kinachoitwa ahadi ya kitaaluma. Wakili wa mnunuzi anaahidi kwa maandishi kwamba salio litalipwa baada ya usajili, naye wakili wa muuzaji anakabidhi nyaraka kwa kutegemea ahadi hiyo. Wakili anayevunja ahadi ya namna hiyo huhatarisha leseni yake, na mahakama inaweza kumlazimisha kuitimiza. Dalali hana ahadi ya aina hiyo ya kutoa.

Fedha za mteja, kwa mujibu wa kanuni za hesabu za mawakili, zinapaswa kuwekwa katika akaunti ya wateja, mbali na fedha za ofisi. Kwa hiyo wakili anayetaka fedha za ununuzi zitumwe kwa simu yake binafsi au katika akaunti iliyo kwa jina lake mwenyewe anampa mteja sababu ya kusimama na kuuliza. Kila malipo yanapaswa kuwa na stakabadhi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kazi anayopaswa kuifanya

Mnunuzi asiyejua wakili anatakiwa kufanya nini hawezi kujua kama amefanyiwa kazi. Hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi. Nairobi ndiko mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa ulikozinduliwa Aprili 2021, kisha ukaanza kupelekwa maeneo mengine kwa awamu. Pasipo na mfumo huo, upekuzi hufanywa katika ofisi ya usajili ya eneo husika.

Baada ya hapo, wakili hufuata historia ya ardhi nyuma hadi ilipogawiwa mara ya kwanza. Hukagua ramani ya upimaji ili kujua kama kiwanja kimeingia katika hifadhi ya barabara, ya mto, ya reli au ya shule. Humtaka mpima ardhi aliyesajiliwa aende kuthibitisha mawe ya mipaka, kwa maana hati inaweza kuwa halali na bado mnunuzi akawa ameonyeshwa kiwanja cha jirani. Huthibitisha kwamba kodi za kaunti na pango la ardhi, pale linapohusika, vimelipwa. Na huulizia kama kuna kesi mahakamani au watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo.

Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenza huhitajika kwa mali ya ndoa. Kama mmiliki aliyesajiliwa amefariki, watoto wake hawawezi kuuza kabla ya mahakama kuwapa mamlaka ya kusimamia mirathi na mamlaka hayo kuthibitishwa. Kama muuzaji ni kampuni, wakili huangalia wakurugenzi wake ni nani na nani ameruhusiwa kutia saini. Kwa nyumba za ghorofa, Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 imeweka utaratibu wa kila nyumba kuwa na hati yake, na wakili anapaswa kueleza kama hati hiyo ipo au bado ni ahadi ya mjenzi.

Mkataba wenyewe ni lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe. Kwa desturi, mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei kama malipo ya awali, na salio hulipwa wakati wa kukamilisha. Mtu anayelazimishwa kulipa bei yote kabla ya upekuzi, kwa hoja kwamba mnunuzi mwingine anasubiri mlangoni, anauziwa haraka hiyo zaidi ya kiwanja.

Wanunuzi kutoka nchi jirani

Kwa raia wa Tanzania, Uganda, Kongo au nchi nyingine wanaotaka kununua Kenya, wakili wa huko ana umuhimu zaidi, kwa sababu sheria inayowahusu haifanani na ile ya wenyeji. Katiba ya Kenya, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa upangaji wa muda usiozidi miaka 99. Waraka unaodai kumpa muda mrefu zaidi ya huo huhesabiwa kuwa umempa miaka 99 tu. Kampuni nayo huchukuliwa kuwa ya raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia wa Kenya, hivyo kuunda kampuni pamoja na rafiki Mkenya hakuondoi kikwazo hicho.

Ardhi ya kilimo ina kizuizi zaidi. Mauziano yake mengi huhitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano kufanyika. Bila kibali, mauziano ni batili, na mnunuzi hubaki akidai fedha zake kama deni la kawaida. Bodi hizo hutakiwa kukataa maombi ya kumuuzia asiye raia, isipokuwa pale msamaha unapotolewa na rais. Shamba lililotangazwa kwa bei nafuu karibu na mpaka linaweza, kwa sababu hiyo, kuwa shamba ambalo mgeni hawezi kulipata kwa njia yoyote ya kawaida.

Wakili aliyesajiliwa Dar es Salaam au Kampala hawezi kuandaa waraka wa uhamisho wa ardhi ya Nairobi kwa cheti cha nchi yake. Anachoweza kufanya ni kumshauri mteja na kumsaidia kumpata mwenzake mwenye cheti cha Kenya. Vivyo hivyo, Wakenya walio ughaibuni wanaowatumia ndugu fedha za kununulia nyumba wanahitaji hati ya uwakilishi iliyoandaliwa vizuri na kusajiliwa, yenye kutaja kwa usahihi kile ambacho ndugu anaruhusiwa kufanya. Hati inayompa ndugu mamlaka yote bila mipaka imewahi kuwa chanzo cha ugomvi usiokwisha katika familia nyingi.

Gharama na malalamiko

Sababu inayotajwa mara nyingi ya kutomtafuta wakili ni gharama. Nchini Kenya ada za mawakili katika mauziano ya ardhi zina viwango vilivyowekwa kisheria, vinavyofuata thamani ya mali, na wakili haruhusiwi kutoza chini ya viwango hivyo. Kwa hiyo anayejitangaza kuwa rahisi mno ama anavunja sheria au si wakili. Mbali na ada hiyo, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi iliyo mjini na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Muuzaji ndiye anayelipa kodi ya faida ya mtaji, iliyopandishwa hadi asilimia 15 kuanzia Januari 2023. Inafaa mteja apewe orodha ya gharama zote kwa maandishi kabla ya kazi kuanza.

Wakili wa kweli naye anaweza kukosea, kuzembea au kuzuia fedha za mteja. Tofauti ni kwamba kuna mahali pa kumshtakia. Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, hupokea malalamiko ya wananchi, na mahakama ya nidhamu ya mawakili inaweza kumpiga faini, kumsimamisha, kuamuru alipe fidia au kulifuta jina lake katika orodha. Mnunuzi aliyemtumia dalali hubaki na njia ya polisi na ya kesi ya madai, ambazo huchukua miaka, huku aliyepokea fedha akiwa amebadilisha nambari ya simu.

Kuhusu wakili aliyesahau kuchukua cheti cha mwaka, Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2015, katika kesi ya benki ya National Bank of Kenya na kampuni ya Anaj Warehousing, kwamba waraka wa ardhi hauwi batili kwa sababu hiyo pekee. Uamuzi huo ulikusudiwa kutomwadhibu mteja kwa kosa la wakili wake. Haukumfungulia mlango mtu ambaye hajawahi kuwa wakili, na haukumwondolea mteja hekima ya kukagua.

Hakuna wakili anayeweza kuahidi kwamba ardhi haitawahi kuzua mgogoro. Anachoweza kutoa ni majibu ya maandishi kwa maswali yanayojulikana: ardhi ilitoka wapi, imepita mikononi mwa nani, ina mzigo gani, na aliyeketi mbele ya mnunuzi ana haki ya kuiuza au hana. Familia za Mavoko zilipata majibu hayo kutoka mahakamani, baada ya kuta kusimama na watoto kuhamia. Mnunuzi wa leo ana nafasi ya kuyapata mapema, kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, akianza kwa kuhakikisha kwamba anayemjibu ni wakili, na kwamba ni wakili wake.